Mwalimu Zeituni na Mashine ya Kuchora Grafu

Msichana yeyote aliyepitia darasa la Mwalimu Zeituni utamjua kwa penseli yake. Itakuwa imechongwa hadi ncha iwe kama mwiba, maana mwalimu huyo hakuvumilia mstari mnene. "Huo ni mstari au ni barabara ya lami?" alikuwa akiuliza, akiinua karatasi ya grafu juu ili darasa zima lione, na mwenye karatasi akatamani ardhi ipasuke immeze. Alifundisha hesabu katika shule moja ya wasichana pembeni mwa mji wa Kakamega tangu alipotoka kwao Mumias akiwa bi harusi, na sasa kustaafu kulikuwa kunapiga hodi. Kalkuleta hakuzipenda. Mtihani wa taifa unaruhusu zile za kawaida, naye aliziruhusu kwa shingo upande, kama mtu anayemwacha mbwa wa jirani akatize uani kwake.

Nyumbani, mtaa wa Amalemba, aliishi na mumewe Dauda, afisa wa kilimo aliyestaafu. Dauda alikuwa na shughuli mbili tu maishani: kufuga kuku na kumtania mkewe. Binti yao Sumayya alikuwa ameolewa Nairobi, kwa hiyo utani wote ulibaki kumwangukia mama mtu.

Jumamosi moja baada ya chakula cha mchana, Shantel, mtoto wa jirani, aliingia akiwa amekumbatia kifurushi. Msichana huyu alikuwa amemaliza Kidato cha Nne na kupata alama za kujivunia. Mjomba wake aliyeko Marekani alikuwa amemshika sikio kwamba aombe nafasi katika vyuo vya huko, na ili aombe ilimpasa afanye ule mtihani wao uitwao SAT.

"Shikamoo Mwalimu. Mjomba amenitumia hii kitu," Shantel alisema, akaweka juu ya meza mashine nyeusi iliyojaa vitufe, yenye kioo kikubwa kama cha simu. "Ni kalkuleta ya grafu. Anasema bila hii, wenzangu wataniacha mbali. Lakini aki mimi siielewi kabisa. Ukiangalia vitufe vyenyewe, ni kama ya kurusha ndege."

"Kalkuleta ya nini?"

"Ya grafu, Mwalimu. Inachora yenyewe."

Mwalimu Zeituni aliitazama mashine ile jinsi mama mkwe anavyomtazama bibi harusi aliyeletwa bila habari. "Inachora yenyewe," alirudia polepole. "Na wewe utakuwa unafanya nini ikichora? Unakunywa chai?"

Dauda, aliyekuwa mlangoni na bakuli la mahindi ya kuku, aliangua kicheko. "Mama Sumayya, leo umepata mke mwenza!"

Hakuna kilichomuudhi Zeituni kama kuchekwa katika jambo la hesabu. Aliivuta mashine kwake, akamwambia Shantel amwonyeshe pa kuandikia, kisha kwa kidole kimoja, kama anayegusa sufuria ya moto, akaingiza mlinganyo alioufundisha mara nyingi kuliko alivyopika ugali: *x* mraba, toa nne *x*, jumlisha tatu. Akabonyeza.

Mkunjo ukajichora. Ulishuka kutoka kushoto, ukakata mhimili kwenye moja, ukagusa chini, ukapanda na kukata tena kwenye tatu. Ulikuwa umekamilika kabla Dauda hajameza mate.

Zeituni aliinuka. Alikwenda chumbani, akarudi na karatasi, rula na penseli. Akatengeneza jedwali, akaweka nukta, akaziunganisha kwa mkono usiotetemeka. Kisha akaweka karatasi kando ya kioo. Moja na tatu. Chini kabisa, mbili na hasi moja.

"Imepata," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayetoa alama asizotaka kutoa. "Lakini hii ni rahisi. Hata mimi nikiwa Kidato cha Pili ningeipata."

"Basi shindaneni," Dauda alisema. "Mashine na Mwalimu. Mimi nitakuwa refa."

Ndivyo ilivyokuwa. Jumapili alasiri Shantel alirudi, amejifunza vitufe usiku kucha kwa video za simu, macho mekundu lakini moyo juu. Aliketi upande mmoja wa meza na mashine yake. Zeituni aliketi upande wa pili na penseli tatu zilizochongwa. Dauda alisimama katikati ameshika simu ya kupimia muda na kitabu cha maswali ya mazoezi kilichokuja pamoja na mashine, na akiwa refa, alijipa ruhusa ya kutafuna njugu.

Swali la kwanza lilikuwa mlinganyo wenye *x* mchemraba, toa tano *x*, jumlisha moja. Je, una majibu mangapi? Zeituni alianza kutengeneza jedwali. Kabla hajafika nusu, Shantel alipaza sauti: "Matatu! Inakata mhimili mara tatu!"

"Mashine, bao!" alitangaza refa.

Mwalimu alibana midomo. Swali la pili likasomwa: tatu *x* jumlisha tano ni ishirini, tafuta *x*.

"Tano," alisema Zeituni, bila hata kuinua penseli.

Shantel alikuwa bado anabonyeza. Alikuwa ameingiza mstari mmoja, anaingiza wa pili, na alikuwa anatafuta kitufe cha kuonyesha mahali inapokutana. "Ngoja, Mwalimu, inakuja..."

"Mwanangu, hiyo *x* itazeeka ikikungoja."

Swali la tatu liliwataka watafute kiwango cha chini kabisa cha *x* mraba, jumlisha sitini *x*, jumlisha elfu moja. Shantel aliingiza haraka, akabonyeza, kisha akakunja uso. Kioo kilikuwa kitupu. Mihimili miwili ilisimama peke yake kama nguzo za goli bila timu. Alifuta, akaingiza upya. Kitupu.

"Imekufa?" Dauda aliuliza kwa huzuni ya kweli.

Lakini Zeituni alikuwa amekwisha kuandika jibu lake, na sasa alikuwa ameinama mbele akiangalia kioo kile. Furaha yake ilikuwa imekwama katikati ya njia, maana ualimu ulikuwa umemshika. "Haijakufa," alisema. "Inachora, ila inachora nje ya dirisha. Angalia. Kioo chako kinaonyesha kutoka hasi kumi hadi kumi. Huu mkunjo umekaa huko kwenye hasi thelathini, na chini yake ni mia moja. Ni kama umefungua dirisha la jikoni unatafuta ng'ombe aliye nyuma ya nyumba."

Alimwonyesha jinsi alivyojua bila mashine: nusu ya sitini ni thelathini, geuza ishara, thelathini mara thelathini ni mia tisa, toa mia tisa kwenye elfu. Shantel akabadilisha dirisha, na mkunjo ukatokea, umejaa kioo, mzuri kama bakuli jipya.

"Kumbe!" wote watatu walisema kwa pamoja, refa akiwa na njugu mdomoni.

Swali la mwisho lilitaka saini, ile "sine" ya hesabu za pembe, ya digrii thelathini. Mashine ikasema jibu ni hasi sufuri nukta tisa na ushee. Shantel akaliandika bila wasiwasi. Zeituni alipoliona, alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Shantel! Saini ya thelathini ni nini?"

"Nusu, Mwalimu."

"Unajua?"

"Najua. Ulitufundisha hata kwa wimbo."

"Na hii umeandika nini?"

Shantel alitazama karatasi yake. "Lakini mashine ndiyo imesema."

"Mashine imesema kwa rediani! Wewe umeuliza kwa digrii! Umeiuliza kwa Kiswahili, imekujibu kwa Kichina, na wewe umeitikia amina!"

Dauda, ambaye hakuwa amehesabu mabao tangu lile la kwanza, alitangaza kwamba mechi imekwisha kwa sare, akaenda kuwafungia kuku wake.

Wiki zilizofuata ziligeuza nyumba ile. Shantel alikuwa akija kila jioni, na Zeituni akawa na sheria moja tu: hakuna kugusa kitufe kabla ya kusema kwa mdomo jibu litakuwa la namna gani. Ni kubwa au dogo? Ni hasi au chanya? Grafu itapanda au itashuka? "Wewe unabonyezanga kabla ya kusoma," alimwambia. "Soma kwanza. Kisha uliza kichwa chako. Kichwa kikishindwa, uliza mkono. Mkono ukichelewa, ndipo uamshe hiyo mashine." Walijifunza kwamba hasi tatu mraba inahitaji mabano, la sivyo mashine inatoa hasi tisa bila aibu yoyote. Walijifunza kufuta milinganyo ya jana ili isije ikajichora juu ya ya leo.

Jambo ambalo Shantel hakulijua ni kwamba kila alipokwenda kwao na mashine yake, mwalimu alibaki akiitamani. Mwishowe Zeituni alimpigia binti yake Nairobi, akazunguka mbali, akauliza hali ya wajukuu, hali ya hewa, hali ya mkwe, ndipo akataja kwamba kama Sumayya angeona mahali kalkuleta ya grafu iliyotumika kidogo, si vibaya akaituma. Ilipofika, Zeituni aliichukua kama mtoto mchanga. Alichora nayo kila kitu. Alichora kimo cha mahindi ya Dauda. Alichora mayai ya kuku, akamwonyesha mumewe kwamba mkunjo unashuka na ajitayarishe kisaikolojia. Siku moja aliusahau ugali, obusuma wa kwao, motoni hadi moshi ukafika kwa jirani.

"Mama Sumayya," Dauda alisema, akikwangua sufuria, "nilisema umepata mke mwenza. Nilikosea. Mwenye mwenza ni mimi."

Kisha siku moja mwalimu akatangaza kwamba na yeye ataufanya mtihani huo.

Shantel alidhani amesikia vibaya. "Kufanya... kama kuusimamia?"

"Kuufanya. Kukaa na kuufanya. Nitamfundishaje mtu kuvuka mto ambao mimi mwenyewe sijaingiza mguu?"

"Lakini Mwalimu, kule kutakuwa na watoto tu! Aki wataniangalia!"

"Wakikuangalia, wewe angalia karatasi yako."

Mumewe hakumkataza. Aliuliza tu kama mke wake akipita atahamia Marekani, na kama ni hivyo, nani atakuwa akimkumbusha dawa za presha.

Kituo cha mtihani kilikuwa Kisumu, katika shule ya watu binafsi yenye bustani iliyonyolewa vizuri. Asubuhi ile, vijana walikuwa wamejipanga na kompyuta zao za mkononi, maana mtihani wenyewe hufanywa kwenye kompyuta. Nyuma ya Shantel alisimama Mwalimu Zeituni, mtandio wa kijani, miwani ya kusomea, kompyuta ya zamani ya Sumayya kwapani, na kalkuleta yake mkononi.

Msimamizi, kijana mrefu aliyejitambulisha kama Kipchirchir, alimkaribia kwa heshima zote. "Mama, karibu sana. Wazazi tumewawekea viti pale kwenye hema, na chai ipo."

"Ahsante, mwanangu. Chai nitakunywa nikitoka. Mimi ni mtahiniwa."

Kipchirchir alitazama kitambulisho chake, akamtazama yeye, akatazama tena kitambulisho. Vijana waliokuwa mbele waligeuka wote kwa pamoja. Shantel aliangalia viatu vyake.

"Mtahiniwa," Kipchirchir alisema, akijikaza asitabasamu. "Sawa, mama. Chumba ni kile."

Sehemu ya Kiingereza ilipita salama. Baada ya mapumziko ikaja hesabu, na hesabu yenyewe iligawanywa mara mbili. Zeituni alianza kwa nguvu. Maswali machache ya kwanza aliyafanya kwa kichwa, mengine mawili kwa mkono. Kisha akafika kwenye swali la mpira uliorushwa juu kutoka kwenye paa la nyumba, na mlinganyo wake ulikuwa mzuri. Aliuingiza kwenye kalkuleta. Mkunjo ukapanda kama mpira wenyewe, ukapinda, ukaanza kushuka, ukatoka nje ya kioo. Mwalimu akarekebisha dirisha auone ukianguka chini. Jibu lilikuwa tayari liko pale, lakini alitaka kuuona ukianguka. Kisha akajiuliza ingekuwaje kama paa lingekuwa juu zaidi. Akabadilisha namba. Akaona mkunjo mzima ukipanda juu, umbo lilelile, akatabasamu peke yake katika chumba kilichojaa watoto wa watu wakitoka jasho.

Alipoinua macho, saa iliyo pembeni mwa kioo cha kompyuta ilikuwa imegeuka nyekundu.

Aliruka swali moja, akabahatisha jingine, akakimbilia la tatu, vidole vikigongana. Kompyuta haikumngojea. Ilifunga sehemu ile yenyewe, na maswali kadhaa yakabaki wazi kama meno yaliyong'oka. Zeituni, aliyewahi kumnyang'anya msichana kalamu kwa kuandika sekunde chache baada ya kengele, alikaa akisikia masikio yakichemka.

Sehemu ya pili ilipofunguka, aliisukuma kalkuleta hadi ukingo wa meza. Akavuta pumzi. Akasoma swali. Kichwa. Akasoma jingine. Kichwa tena. La tatu, mkono. Alishangaa jinsi maswali yalivyokuwa yakifunguka mbele yake kama maganda ya maharagwe. Mashine aliigusa mara chache tu, pale palipostahili, na alimaliza muda ukiwa bado unamchekea. Alitoka nje kifua mbele, akajimiminia ile chai ya wazazi.

Shantel alitoka baadaye, uso umemsawajika.

"Umeonaje, mwanangu?"

"Ya kwanza ilikuwa sawa. Niliifanya vile ulisema, nikamaliza yote. Lakini ile ya pili, Mwalimu, imeninyoosha. Ilikuwa ngumu kama nini."

"Ngumu?" Zeituni alishangaa. "Yangu ya kwanza iliniponyoka kidogo, sikatai. Lakini ya pili ilikuwa ya watoto! Niliimaliza nikabaki nahesabu vigae vya dari."

Shantel aliangalia tena viatu vyake.

"Sema tu."

"Mwalimu... hiyo mtihani inachagua. Ukifanya vizuri ya kwanza, inakupatia ya pili ngumu, ndiyo yenye alama za juu. Ukianguka ya kwanza..." Hakumalizia.

Mwalimu Zeituni alikaa na kikombe mkononi. Mvuke ulikuwa unapanda mbele ya miwani yake. "Inakupatia rahisi," alimalizia mwenyewe.

"Pole, Mwalimu."

"Kwa hiyo pale nilipokuwa najisifu moyoni, kompyuta ilikuwa inanihurumia."

Shantel alijaribu sana kuzuia kicheko. Alibana midomo, akageukia ukuta, mabega yakamtikisika. Zeituni alimtazama kwa ule uso uliotisha vizazi vya wasichana, kisha na yeye uso ukamsaliti. Walicheka hadi Kipchirchir akatoka kuona kuna nini, na mwalimu akamweleza yote, mpira na paa na mkunjo, naye akamwongezea sukari kwenye kikombe, akisema mama huyu ameumia.

Matokeo yalitoka wiki kadhaa baadaye. Shantel alikimbia kutoka kwao bila viatu, simu ikiwa juu, akipiga kelele zilizowatawanya kuku wa Dauda. Alama yake ya hesabu ilikuwa karibu na kilele. Zeituni alimkumbatia, akamshukuru Mungu kwa sauti, kisha akaulizwa ya kwake, akasema mtandao unasumbua. Mtandao ulisumbua hadi jioni. Dauda alipomkuta jikoni akikata sukumawiki vipande vidogo kuliko desturi, hakutania. Alichukua kisu cha pili akaanza kumsaidia.

"Amenipita," Zeituni alisema. "Amenipita mbali."

"Nani alimfundisha?"

"Mimi."

"Sasa unanuna nini?"

Alifikiria. "Siyo yeye kunipita kunakoniuma, Baba Sumayya. Kinachoniuma ni kwamba mimi ndiye niliyemwambia asiipende mashine kupita kiasi. Alisikia yeye, sikusikia mimi."

Muhula ulipofunguliwa, wasichana wa Kidato cha Tatu walipigwa na butwaa. Mwalimu Zeituni aliingia darasani, akawaambia watoe kalkuleta zao za kawaida, ziwe mezani, akawasimulia kisa chake chote bila kujifunika, hata ile sehemu ya chai. Darasa lilicheka hadi naibu mkuu wa shule, Bwana Khisa, akachungulia dirishani akidhani mwalimu hayupo. Kisha Zeituni akaanza kuwafundisha kuzitumia, kitu ambacho hakuwahi kukifanya kwa moyo: mabano, digrii, na zaidi ya yote, kukadiria kabla ya kubonyeza. Zile za grafu haziruhusiwi katika mtihani wa taifa, aliwakumbusha, lakini kichwa kinaruhusiwa katika mitihani yote.

Habari zilienea. Jumamosi, sebule ya Amalemba ikaanza kupokea vijana waliotaka kujaribu ule mtihani wa Wamarekani: mmoja kutoka Matete, ndugu wawili kutoka Mautuma, na Abdulfatah kutoka kwao Mumias, aliyeingia na "Asalamu aleykum" ndefu na kalkuleta mpya ambayo vidole vyake havikuweza kuiacha.

"Abdulfatah," Zeituni alimwambia siku ya kwanza, kijana akiwa tayari anabonyeza. "Hiyo grafu itakuwa na sura gani?"

"Bado haijatokea, Mwalimu."

"Sikuiuliza mashine. Nimekuuliza wewe."

Kijana aliiweka chini kwa shida. Akasoma mlinganyo. Akaufuata kwa kidole hewani, kikashuka, kikasita, kikapanda. "Itashuka, halafu ipande," alisema, bila uhakika.

"Ikate mhimili wapi?"

"Hapa... upande wa kushoto?"

"Usiniulize mimi. Bonyeza uone."

Abdulfatah alibonyeza. Wenzake wote waliinama juu ya kioo, na Dauda, aliyekuwa amekuja kuangalia tu kama kuna njugu, akainama nyuma yao. Mkunjo ulishuka, ukakata upande wa kushoto, ukapanda. Kijana alipiga meza kwa kiganja kama aliyefunga goli, na Mwalimu Zeituni akaivuta mashine ya kijana, akafuta swali lile, akamwambia asome linalofuata.